SOKON I: UNAPANDA MAGARI MAWILI KUMFUATA MWALIMU WA MUZIKI NJIRO, KUMBE MWALIMU ANAPITA GETINI KWAKO!

Kuna dada mmoja wa Sokon I, jina kapuni. Kidato cha nne kamaliza, kwaya anaimba sauti ya pili, na mwaka jana alishikwa na hamu ya kujifunza kinanda. Sio kinanda cha kupigia picha, kinanda kweli. Akafanya kile ambacho kila kijana wa mjini anafanya siku hizi: akashika simu, akaingia Instagram, akaanza kusaka mwalimu wa muziki Arusha.

Akampata. Jamaa ana folowazi elfu arobaini, video zina taa za bluu, vinanda viwili vimepandana, miwani myeusi ndani ya nyumba. Anafundishia Njiro. Bei laki mbili kwa mwezi, vipindi nane. Mama mtu anauza mitumba Kilombero, akajikamua akatoa. Na nauli juu, maana kutoka Sokon I unapanda kifodi hadi mjini, halafu unatafuta kingine cha Njiro.

Miezi mitatu. Laki sita. Wimbo mmoja na nusu.

Siku ya siku ikafika, sendofu ya binamu yake. Ukumbi umejaa, MC anamtambulisha kwa mbwembwe, "binti yetu msomi wa muziki!" Dada akakaa kwenye kinanda cha bendi, shangazi akaanzisha wimbo, dada akagusa. Aisee! Sauti ya shangazi iko huku, kinanda kiko kule. Akajaribu tena, vilevile. Akaanza kutafuta kitufe, hakioni, kwa sababu kile sio kinanda cha Njiro. Watu wakaanza kuguna, MC akatupa utani ambao ungeweza kubaki moyoni mwake, DJ akaweka muziki. Dada akatokea mlango wa jikoni.

Kitufe alichokuwa anakitafuta ni transpozi. Kwa wasiojua: kila wimbo una do yake. Leo mwimbishaji anaanza kwa do ya F, kesho kwa do ya A. Mpigaji anayejua anahamisha vidole vyake. Mpigaji wa njia ya mkato anajua do moja tu, ile ya C yenye vitufe vyeupe vitupu, halafu anabonyeza transpozi na mashine inamhamishia. Sio dhambi kuitumia, hata wakali wanaitumia wakibanwa. Dhambi ni kumtoza mtoto wa watu laki sita, umfundishe C peke yake, halafu umwambie amejua kinanda. Huo ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha gari kwa gia ya kwanza na kumpa leseni ya basi la mkoani.

Lakini huyo wa Njiro sio mtu wa kubebeshwa lawama zote. Anauza, watu wananunua. Lawama ziko huku Sokon I, na hapa ndipo wengi watakunja sura.

Kwa sababu mwalimu wa muziki alikuwepo. Hatua mia mbili kutoka geti la yule dada anaishi kaka mmoja, mwalimu wa kwaya. Mchana ni bodaboda, jioni anafundisha. Kila Jumamosi alikuwa anapita getini hapo na kinanda mgongoni kimevishwa begi la khanga. Huyu anasoma nota, anachukua wimbo mpya Jumatatu, na Jumapili sauti zote nne zimekaa. Ukimwimbia kitu usichojua do yake, anasikiliza sekunde tano, anaingia palepale ulipo. Transpozi haigusi. Kwanza kwenye kinanda chake kitufe hicho kilikufa zamani.

Dada alimjua? Sana tu, ndiye aliyemfundisha kuimba sauti ya pili. Mama alimjua? Alimjua na alishamfuata kuulizia bei. Mwalimu akasema elfu nane kwa kipindi cha saa moja. Mama akashika kiuno.

"Elfu nane? Mwalimu, wewe si unamtumikia Bwana?"

"Bwana namtumikia mama yangu, ila na Luku nayo inataka hela."

Mama akasema atafikiria. Akafikiria, akampeleka mtoto Njiro.

Piga hesabu mwenyewe. Elfu nane mara vipindi nane ni elfu sitini na nne kwa mwezi. Miezi mitatu ni laki moja na elfu tisini na mbili. Njiro zimekwenda laki sita bila nauli. Yaani mtu aliona elfu nane ya jirani ni kubwa, halafu elfu ishirini na tano ya mtu asiyemjua akaiona ni ya haki! Hapo tatizo sio umaskini. Hela ilikuwepo. Kilichokosekana ni heshima kwa mtu unayemwona anachota maji bomba moja na wewe.

Na kuna kinachouma zaidi. Siku moja dada alichelewa kipindi, akaita bodaboda wa kona. Aliyekuja ni mwalimu. Akampakia hadi Njiro, akalipwa elfu tatu, akageuza. Abiria anakwenda kununua kwa bei mbaya kitu ambacho dereva wake anacho kichwani.

Sasa utasikia watu wa Sokon I wanalalamika: "Huku hakuna walimu wa muziki." Walimu wapo, wanaendesha pikipiki!

Ugonjwa huu una mizizi. Chuga imejijengea jina kwa hip hop. X Plastaz walitoka hapa, Weusi wametoka hapa, na wote walitoka kitaani bila mtu kuwaandikia nota ubaoni. Heshima kwao. Lakini vijana wamechukua somo lisilo sahihi: kwamba muziki haufundishwi, unazaliwa nao, na anayetaka hela ya kufundisha ni tapeli au ana njaa. Rap yenyewe ina walimu, ni vile walimu walikaa kijiweni na hawakuitwa walimu. Kinanda, gitaa na fidla ni habari nyingine. Kidole kikizoea kukaa vibaya miaka miwili, kukirudisha ni kazi kuliko kuanza upya.

Wazee walilijua hili. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki waliajiriwa na kulipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Bendi ndiyo ilikuwa shule. Dogo anabeba vyombo, anakaa pembeni ya mpiga solo, anaibia vidole, siku mkubwa akiumwa anapanda jukwaani. Mwalimu alikuwa na uhakika wa kula, kwa hiyo alikuwa na muda wa kufundisha. Bendi za aina ile zilipopungua, shule ikahamia kanisani. Leo ukitaka kujua nani anasoma nota Sokon I, usiulize studio, uliza kwaya. Na sauti ikae wapi, pumzi ishikwe vipi, hata ustadhi wa kaswida anaweza kukunyoosha bila kinanda kabisa.

Zanzibar nao waliliona. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, pale Mji Mkongwe, kiliwachukua wazee wanaojua taarab, kikawapa darasa na kuwaita walimu. Kijana anakaa na udi, kanuni, fidla, mbele ya mtu aliyeupiga maisha yake yote. Na hata chuo hicho chenye jina dunia nzima kimewahi kusema hadharani kwamba kinaweza kufunga milango kwa kukosa fedha. Kama chuo chenye wageni kutoka Ulaya kinayumba mwalimu asipolipwa, wa Sokon I mwenye kinanda cha begi la khanga atasimama vipi?

Na makanisani nako kuseme ukweli. Kuna usharika mmoja hapa mjini, jina kapuni pia, ulipiga harambee ya vyombo vya muziki. Watu walijitoa, spika zikaja ndefu kuliko mchungaji, mixa ina taa kama ndege. Siku ya uzinduzi kamati ilipongezwa mmoja mmoja. Mpiga kinanda alipewa soda. Kweli, soda! Chombo kina bajeti, fundi wa chombo ana baraka. Halafu akichelewa mazoezi kwa sababu alikuwa anatafuta hela ya mafuta, anaambiwa hana wito.

Wapo watakaosema, "YouTube si ipo bure?" Ipo, na ina mambo mazuri. Lakini YouTube haikusikii. Unaweza kukosea mwezi mzima, na yule mzungu kwenye video anatabasamu vilevile. Kazi ya mwalimu ni kukuambia "hapana, rudia, kidole cha tatu." Hiyo ndiyo unayolipia.

Wapo pia watakaosema walimu wa mtaani wana mambo yao, na hapo hawajakosea. Wapo wanaopokea hela ya mwezi halafu kila Jumamosi wana harusi. Wapo wanaokuja bila kujua leo wanafundisha nini. Na wapo wachache wanaotaka kumfundisha binti wa watu mlango ukiwa umefungwa, na huyo hata kama anapiga kama malaika, afukuzwe. Kipindi ni sebuleni, mlango wazi, mtu mzima yupo. Mwalimu wa kweli hawezi kukasirika kwa hilo.

Kwa hiyo mpime kabla ya kutoa hela. Mwambie azime transpozi, mwimbie wimbo kwa sauti yako uone kama anakufuata. Muulize wanafunzi wake wako wapi, nenda kamsikilize mmoja. Angalia siku ya kwanza kama anakusikiliza wewe au anajionyesha yeye. Mwenye kupiga nusu saa peke yake huku wewe umeshika simu unarekodi, huyo anatafuta folowazi. Na ukitaka mwenye cheti, shika njia ya Moshi, ulizia Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Pale muziki unasomwa hadi shahada, kwenye miguu ya Mlima Meru hapahapa, sio Ulaya. Bagamoyo nako kuna chuo cha sanaa tangu 1981. Muziki ni somo hata NECTA wanalitahini. Nchi imeshakubali kwamba hii ni taaluma. Bado mtaa.

Ukishampata, mlipe. Mlipe mwezi mbele, kwa bei mliyokubaliana, bila kumkumbusha kwamba mnasali naye. Akikosa kipindi, akirudishe. Ukikosa wewe, kimeliwa. Hivyo ndivyo heshima inavyokaa pande zote mbili. Fundi cherehani wa mtaani humwombi akushonee kwa ajili ya Bwana, kwa nini mwalimu wa kinanda?

Na kama unadhani haya ni maneno tu, sikia ilipoishia.

Baada ya aibu ya sendofu, dada alikaa ndani wiki nzima. Halafu akapata akili. Akaenda kugonga kwa mwalimu wa kwaya, na safari hii mama yake mwenyewe ndiye aliyempa elfu nane ya kipindi cha kwanza, noti mkononi. Ilikuwa Februari.

Mwalimu akamkaribisha vizuri, akampa kiti. Kwenye kona ambayo kinanda kilikuwa kinakaa pana ndoo na galoni la mafuta. Januari ilikuja na sare, madaftari na michango ya watoto watatu shuleni. Kinanda kimekwenda kwa mtu mmoja wa studio, Sakina.

"Dada yangu," akasema, "ungekuja Disemba."

Elfu nane hakuipokea.

Kuna madogo wanne wa mtaani waliokuwa wanajifunza pale kwake, wawili kwa nusu bei, wawili bure. Nao wamekaa. Kwaya sasa inaimba kwa biti ya flashi. Jumapili anakuja kijana, anachomeka, anabonyeza, wimbo unaanza kwenye do ileile kila wiki, asiyeifikia anyamaze. Waumini wanapiga makofi, hawajui kama kuna kitu kimekufa.

Laki sita zile zingemlipa mwalimu yule miezi tisa, na chenji ingebaki. Kinanda kingekuwepo, madogo wanne wangekuwepo, na dada angekuwa anajua zaidi ya do moja.

Mdau, kitaani kwako mwalimu wa kwaya analipwa shilingi ngapi? Sema ukweli, usiseme "anabarikiwa." Tiririka hapo chini.