Kura Iliyoamuliwa Bakulini

Wengine hunung'unika mjumbe apitapo nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu kupiga kura. "Yangu moja yafaa nini?" husema. Haya, sikilizeni mambo ya Newport News, jimbo la Virginia, Marekani.

Mwaka 2017 David Yancey, mjumbe katika Baraza la jimbo hilo, alishindana na Bibi Shelly Simonds. Kura zikahesabiwa, zikarudiwa: 11,608 kwa 11,608! Januari 4, 2018 majina yao yakatiwa bakulini, likatoka la Yancey. Hivyo chama chake kikapata viti 51, wapinzani 49. Mtu mmoja tu angalitoka nyumbani kwenda kupiga kura, bakuli lisingalihitajiwa. Bibi Simonds hakukata tamaa. Mwaka 2019 aliwaomba wenyeji tena, akakipata kiti.