Kiti cha Jaji si Mali ya Mtu

Waswahili husema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Usemi huu una ukweli katika mambo mengi ya dunia, lakini pana mahali pamoja ambapo haufai kabisa kuwa kweli, napo ni juu ya kiti cha hukumu. Tunalikumbuka jambo hili kila tunapoyatafakari maisha ya marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mwana wa Visiwa hivi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1945 na kufariki dunia Dar es Salaam mwezi Aprili 2020.

Ni wachache waliokabidhiwa dhamana nyingi kama yeye. Alikuwa mwanajeshi aliyefikia cheo cha Brigedia Jenerali. Katika miaka ya 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na mwaka 1989 akawa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kuanzia 2007 hadi 2010 alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Basi mtu mmoja alikwisha kuzisimamia mahakama za pande zote mbili za Muungano, naye alijua vema kwamba Mahakama Kuu ya Zanzibar ina mamlaka yake, na kwamba mashauri ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar huishia huku huku Visiwani, hayavuki bahari.

Lakini vyeo peke yake havimpimi jaji. Mwaka 2010, Mahakama ya Rufani chini ya uongozi wake iliamua kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na kwamba wenye kulitatua ni Bunge. Mchungaji Christopher Mtikila hakuridhika, akalipeleka shauri lake katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Wakati huo Jaji Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji wa mahakama hiyo. Kwa kuwa kanuni yake humzuia jaji kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake, yeye alikaa kando. Mwezi Juni 2013 wenzake waliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za raia. Mwaka uliofuata majaji wa mahakama hiyo walimchagua kuwa Rais wao.

Hilo ndilo funzo tunalotaka lizingatiwe na watumishi wote wa Serikali. Mkuu wa idara anayegawa viwanja ilhali ndugu yake ni miongoni mwa waombaji, na mjumbe wa bodi ya zabuni mwenye hisa katika kampuni inayoshindania kazi, hawana budi kuinuka kitini. Kukaa kando si kukosa ushujaa, bali ni kuilinda dhamana.

Hata hivyo, heshima ya marehemu haituzuii kusema tusilokubaliana nalo. Mwaka 2015, akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika, alijitokeza kuomba kuteuliwa na Chama Cha Mapinduzi kugombea Urais. Ibara ya 113A ya Katiba ya Muungano humkataza jaji kujiunga na chama cha siasa, lakini haisemi lolote juu ya jaji aliyekwisha staafu. Hatusemi basi kwamba alivunja sheria. Tunasema kwamba mwananchi aliyewahi kushindwa shauri la uchaguzi mbele ya jaji, kisha akamwona jaji huyo akiomba ridhaa ya chama, hataacha kujiuliza maswali, hata kama hukumu ilikuwa safi kama maji ya mvua.

Kwa hiyo twapendekeza sheria iweke muda maalumu ambao jaji mstaafu atasubiri kabla ya kuingia katika kinyang'anyiro cha siasa. Majaji wema wanastahili kulindwa dhidi ya shuku, na wananchi wanastahili kuiamini mahakama hata siku wanaposhindwa.