Ujira, siri na sauti ya mfanyakazi: Funzo la Nairobi kwa familia za Ufipa

MIONGONI mwa mazungumzo yanayosikika katika familia nyingi za Sumbawanga, Namanyere, Laela na Matai ni yale ya ajira za vijana. Zamani mzazi wa Ufipa alipouza mahindi, maharage au ulezi ili amsomeshe mwanawe, matarajio yake yalikuwa kumwona siku moja akiwa mwalimu, mganga wa zahanati au karani wa halmashauri. Kazi hizo zilieleweka, na wakubwa wake walifahamika kwa majina na kwa sura. Leo kijana aliyehitimu huweza kupata kazi ambayo mama yake hana namna ya kuieleza kwa jirani: anakaa mbele ya kompyuta mjini Dar es Salaam au Nairobi, katika kampuni inayomhudumia mteja aliyeko Marekani. Fedha zinafika nyumbani kwa simu, na familia inashukuru. Ni wachache wanaouliza kazi hiyo inaendeshwaje, nani hasa ndiye mwajiri, na kijana huyo akidhulumiwa atamshtakia nani.

Maswali hayo si ya udadisi mtupu. Kwa miaka kadhaa yamekuwa yakibishaniwa mbele ya mahakama za Kenya, na majibu yaliyokwisha kutolewa yanastahili kufahamika na kila mzazi wa Afrika Mashariki.

Kampuni iliyobeba jina la usawa

Mwaka 2008 mwanamama Leila Janah alianzisha huko California taasisi iliyoitwa Samasource, ambayo baadaye ikajulikana kwa ufupi kuwa Sama. Jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya usawa. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema: kuwapatia watu maskini kazi za kompyuta badala ya sadaka, ili wajitoe wenyewe katika ufukara. Kampuni ilifungua ofisi Kenya na Uganda, ikasifiwa kuwa mfano wa teknolojia yenye maadili. Mwanzilishi wake alifariki dunia Januari 2020.

Tangu mwaka 2019 ofisi ya Nairobi ilipewa kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa ajili ya nchi kadhaa za Afrika. Mchujaji huketi kwa saa nyingi akitazama picha na video ambazo watumiaji wameziripoti: mauaji, mateso, udhalilishaji wa watoto, watu wanaojiua. Yeye ndiye anayeamua kipi kibaki na kipi kifutwe. Lugha zilizochujwa pale zilikuwa nyingi, na Kiswahili kilikuwamo. Kwa maneno mengine, kitu kiovu ambacho binti yako hakukiona kwenye simu yake hapa Sumbawanga, huenda hakukiona kwa sababu binti wa mtu mwingine alikiona kwanza kule Nairobi.

Februari 2022 jarida la Time la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofichua kwamba baadhi ya wafanyakazi hao walikuwa wakibakiwa na ujira mdogo kufikia dola 1.50 za Marekani kwa saa. Uchunguzi huo ulieleza pia habari za Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyeajiriwa mwaka 2019, akawaunganisha wenzake zaidi ya 100 kudai malipo bora na mazingira ya kazi yenye staha. Badala ya kuketi nao na kufikia mwafaka, uongozi ulimwachisha kazi. Kampuni ilikanusha kutenda kosa, ikasema inalipa vizuri kwa viwango vya eneo hilo na kwamba inawapa wafanyakazi washauri wa kisaikolojia. Mei 2022 Motaung alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, mmiliki wa Facebook.

Nani mwajiri?

Hapa ndipo palipo na kiini cha mzozo. Meta ilijibu kwamba haikumwajiri mtu yeyote Nairobi, na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Kwa hoja hiyo, mwenye kazi ni mmoja, mwenye kuajiri ni mwingine, na lawama haina pa kutua. Mfanyakazi akimlalamikia mkandarasi anaambiwa masharti yametoka kwa mteja. Akimwendea mteja anaambiwa, hatukujui.

Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kabla ya hapo, mwezi Januari, Sama ilikuwa imetangaza kuacha kabisa kazi ya uchujaji, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa nafasi zao zimekwisha. Zaidi ya 180 kati ya wachujaji walifungua kesi ya pili, wakidai pia kwamba mkandarasi aliyechukua kazi hiyo alikataa kuwapokea kwa sababu tu walitoka Sama. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya alitoa amri za muda akiona kwamba, kwa ushahidi wa awali, Meta ndiye mwajiri mkuu, kwa kuwa kazi ni yake na vifaa na viwango vya utendaji vilikuwa vyake. Juhudi za usuluhishi nje ya mahakama zilivunjika Oktoba mwaka huo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba mashauri hayo yanaweza kusikilizwa.

Mantiki ya uamuzi wa Jaji Ongaya inaeleweka hata kijijini. Mwenye shamba anayepanga saa ya kuingia na kutoka, anayetoa jembe na kupima matuta, hawezi kusema vibarua si wake kwa kuwa nyapara ndiye aliyewaita.

Siri iliyoingia nyumbani

Jambo linalozigusa zaidi familia ni hili la siri. Wachujaji walisainishwa mikataba ya kutotoa habari za kazi yao. Maana yake ni kwamba kijana alirudi nyumbani usiku akiwa ameona vichwa vilivyokatwa, na hakuruhusiwa kumwambia mkewe kwa nini hali chakula wala halali. Mke aliona mume amebadilika, amekuwa mkali na mpweke, akadhani amechoshwa na ndoa. Wazazi waliona mtoto amekuwa mkimya, wakadhani ni kiburi cha mjini.

Mwishoni mwa 2024 taarifa za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilibainisha ukubwa wa madhara. Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wachujaji 144. Asilimia 81 kati yao walikutwa na kiwewe cha kiwango kikali.

Tuzingatie pia namna walivyoajiriwa. Motaung anadai kwamba hakuelezwa bayana aina ya kazi mpaka alipokwisha kuhama nchi yake. Waislamu tunajua kwamba mkataba wa ujira hausimami sawasawa mpaka mambo mawili yajulikane na pande zote: kazi ni ipi na malipo ni kiasi gani. Kumficha mtu ukweli wa kazi ni ghushi, hata kama mshahara utalipwa siku yake. Na uongozi tumefundishwa kuuhesabu kuwa ni amana ambayo mwenye nayo ataulizwa.

Je, malalamiko hufukuza kazi?

Wapo wanaosema: wangenyamaza, leo wangekuwa na kazi. Hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa njaa ni kitu cha kweli na mtu aliyepoteza kibarua Nairobi ana wadogo zake wa kusomesha. Ni kweli pia kwamba baada ya mzozo mamia walikosa kazi.

Lakini tuutazame mlolongo wa mambo kwa insafu. Malalamiko ya mwaka 2019 yalikuwa ya kawaida kabisa: malipo, mapumziko, msaada wa kisaikolojia. Yangeweza kumalizwa mezani. Kwa kuwa hayakusikilizwa ndani, yalitoka nje yakawa habari ya dunia nzima. Baada ya taarifa ya Time kampuni ilitangaza kupandisha mishahara, jambo linaloonyesha kwamba nyongeza iliwezekana tangu awali. Mwaka 2023 mkurugenzi mtendaji wake, Bi Wendy Gonzalez, alikiri kwa waandishi wa habari kuwa anajutia kuichukua kazi ile ya Facebook. Haya yanaonyesha kwamba kilichoiangusha shughuli ile hakikuwa sauti ya wafanyakazi. Iliangushwa na masikio yaliyozibwa miaka minne kabla.

Nao wafanyakazi hawakuishia kulalamika. Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 kati yao, wanaohudumia kampuni mbalimbali za kigeni, walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama cha wachujaji wa maudhui wa Afrika.

Tanuru la Ufipa

Kwa mtu wa Ufipa, teknolojia na uongozi wa kazi si mambo yaliyoletwa na simu. Uwanda huu ulio juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ulikuwa nchi ya wafua chuma. Mabaki ya matanuru yao, malungu, bado yanaonekana. Ilungu moja liliweza kufikia urefu wa mita 3, likachomwa bila mivukuto, kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru dogo, na ndipo kikafuliwa majembe.

Tukiacha kando itikadi za enzi zile, ambazo si mada yetu, kazi hiyo ilihitaji wachimba udongo wa chuma, wachoma mkaa, wajenzi na fundi mkuu wa kuwaongoza. Fundi huyo hakukaa ng'ambo ya bahari. Alisimama pale pale penye joto, akaona nani amechoka na tundu gani limeziba. Ukorofi wa tanuru ulikuwa hasara yake yeye kwanza. Kampuni kubwa za leo zimevunja ukaribu huo: anayeamua haoni, na anayeona haamui. Ndiyo maana sheria na vyama vinahitajika, ili vizibe pengo lililoachwa na macho ya fundi mkuu.

Sheria yetu inasemaje

Tanzania haijakosa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na inakataza kumwachisha kazi kwa sababu hiyo. Wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama cha wafanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo nayo haiishii kutazama jina lililoandikwa kwenye mkataba. Hutazama nani anamwongoza mtu, nani anapanga saa zake na anamtegemea nani kwa riziki. Hilo ni swali lile lile la Nairobi.

Anayeachishwa kazi isivyo haki anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini afanye hivyo ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki zao kwa sababu tu walisubiri wakitumaini kuitwa tena. Tena, aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hana kinga kamili ya kifungu cha kuachishwa kazi isivyo haki, na hapo ndipo mikataba mifupi mifupi inapokuwa mtego.

Wajibu wetu

Kwanza, mzazi na kijana wausome mkataba pamoja kabla ya kusaini, hata ikibidi kumwomba mwalimu wa jirani autafsiri. Wakague jina la mwajiri, kazi yenyewe, saa, ujira na muda. Kijana adai nakala yake na aihifadhi nyumbani.

Pili, mkataba wa siri usiwe ukuta kati ya mtu na familia yake au tabibu wake. Siri za mteja zitunzwe, lakini mtu asizuiwe kusema: kazi hii inaniumiza. Na kijana anaporudi amebadilika, tumuulize kwa upole kabla ya kumhukumu.

Tatu, wenye biashara hapa kwetu, kuanzia wenye maduka ya simu na wakala wa fedha hadi wenye shule na mashine za kukoboa, wasidhani habari hii ni ya wazungu. Anayemfanyisha kazi binti dukani toka alfajiri mpaka usiku bila mkataba, na akiuliza anaambiwa wako wengi wanaoitaka nafasi yako, anatembea njia ile ile iliyoifikisha kampuni kubwa mahakamani. Mashauriano hayampunguzii mkubwa heshima.

Jina zuri na nia njema havikuiokoa Sama. Swali la kumuuliza kijana anapopiga simu Ijumaa hii si kiasi gani atatuma mwisho wa mwezi peke yake. Tumuulize pia: mkubwa wako ni nani, na ukimwambia jambo, husikiliza?

Wabillahi tawfiq.