Firigisi ya Baba

Babu yangu alichimba dhahabu katika migodi ya Kilo-Moto. Akirudi nyumbani, watoto walinyamaza kama kuku walioona mwewe, na firigisi ilikuwa yake bila mjadala.

Jirani yangu wa Mudzi-Pela, dereva wa pikipiki, firigisi humpa binti yake. Mkewe akiwa sokoni, yeye humpaka mtoto mafuta, humfunga mgongoni kwa kitenge na kukoroga uji. Wazee wa mtaani humwuliza: "Umeolewa?"

Wazee wetu, mwacheni! Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, hata baada ya marekebisho ya 2016, inasema mume ndiye kiongozi wa nyumba. Basi aongoze na sufuria. Mtoto wake akijikwaa, humwita papa kwanza, na papa huja mbio, mwiko mkononi.