Kijana amepata trela la magari: karatasi zake nani kazisoma?



Mama mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na hati ya mshahara wa kwanza wa mwanawe, kijana ambaye mtaa mzima ulimpongeza alipopata kazi ya kuendesha trela la kubebea magari. Juu paliandikwa shilingi 600,000. Chini yake mlikuwa na mistari miwili ambayo si michango ya kawaida: tairi la akiba, 90,000, mkwaruzo wa ubavu, 230,000. Mama hakuja kulalamikia fedha. Aliketi mkekani, akasukuma ile karatasi mbele yetu, akasema: "Wanangu, nyinyi ndio mnaosoma. Niambieni kweli, hii maana yake mtoto wangu kaiba?"

Hatukuwa na jawabu. Tukamwomba atupe siku mbili, tukamtafuta kijana mwenyewe, kisha tukamwendea mzee mmoja wa msikitini kwetu ambaye aliendesha malori ya njia ya Zambia mpaka macho yalipomwambia basi. Tuliyoyasikia tumeona tuyaandike, kwani tunajua nyumba nyingi ambazo hivi sasa zinachanga fedha ili kijana wao apate leseni ya daraja E, na mazungumzo yote ya nyumbani ni ya kiasi gani atalipwa.

Kwanza tueleze kazi yenyewe kwa wasioijua. Magari yaliyotumika, mengi yake kutoka Japani, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na si yote yanayobaki nchini. Mengine ni ya Zambia, ya Kongo, ya Malawi, ya Rwanda na ya Burundi. Hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile tuonayo kila siku barabara ya Morogoro, magari ya IT, kila moja na dereva wake, ambaye akikabidhi gari mpakani hurudi kwa basi. Ya pili ni trela lenye sakafu mbili, ambalo dereva mmoja na utingo wake hubeba magari sita, saba au zaidi kwa mara moja. Kijana wetu alikuwa ameendesha Kenta ya mizigo pale Kariakoo kwa miaka mitatu, kisha akasoma, akapata daraja lake, na akapewa trela. Leseni yake ni ya halali na hakuna aliyemhonga mtu. Hili tulisema mapema, maana minong'ono ya mtaani haichelewi.

Mzee alipomkaribisha na kuitikia shikamoo yake, hakumuuliza habari ya gia wala breki. Alimuuliza: "Yale magari uliyazunguka mara ngapi kabla ya kutia saini?"

"Sikuyazunguka, mzee. Yalikuwa saba, jua limezama, na yule wa yadi alisema wengine wanangoja. Nikatia saini."

"Basi ulinunua mikwaruzo ya Wajapani, ya mabaharia na ya watu wa yadi, yote kwa mshahara wako."

Kijana akainamisha kichwa. Na hapa ndipo tulipofahamu kwamba kazi hii, ijapokuwa inaitwa udereva, sehemu yake kubwa ni utunzaji wa vitu vya watu. Anayebeba saruji akifikisha mifuko yote amemaliza. Anayebeba magari hukabidhiwa vitu saba ambavyo kila kimoja kina milango, vioo, taa, redio, jeki, spana, funguo na tairi la akiba, na mwenye gari anayengoja Nakonde amelipa fedha zake zote bila kuliona gari ila katika picha. Atakapolipokea atalipapasa kama mtu apokeaye mtoto aliyetoka safari. Akikuta kasoro, atamtazama aliye mbele yake, naye ni dereva.

Mzee akamfundisha palepale, akitumia gari bovu lililoegeshwa karibu na kisima. Anzia pembe ya mbele kushoto, alisema, uzunguke mpaka urudi ulipoanzia, na gari lolote usilizunguke kwa njia tofauti, ili jicho lizoee. Vumbi la melini huficha mkwaruzo, basi chukua kitambaa. Mvua huficha zaidi. Fungua buti, inua zulia, utazame tairi lipo au ni shimo tupu. Soma kilomita na kipimo cha mafuta. Hesabu funguo. Kila kasoro iandikwe kwenye fomu ya mapokezi kabla ya gari kupanda, na anayekukabidhi atie saini chini ya maneno hayo, si juu yake. Siku hizi simu inapiga picha yenye saa na tarehe. Piga, uitume ofisini kabla hujawasha injini. Ikiwa ni usiku na wanakuharakisha, andika kwamba umepokea usiku. "Hakuna atakayekupenda siku hiyo," mzee alisema, "lakini foleni ni yao, mshahara ni wako." Na kule mwisho wa safari fanya vilevile, wala usiondoke mpaka mpokeaji ametia saini, hata akisema mnajuana.

Kupakia nako ni elimu ambayo kijana aliyetoka kwenye Kenta hana. Gari hupandishwa kwa njia nyembamba ya chuma hadi sakafu ya juu, na kosa la shubiri moja laweza kuliangusha. Utingo aongoze kwa ishara ambazo wamekubaliana, na mtu yeyote asisimame nyuma ya gari linalopanda. Vioo vya ubavuni vikunjwe, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe. Mikanda hufunga magurudumu, kwa sababu ukifunga bodi, gari likinesa barabarani mkanda hulegea na gari huanza kucheza. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza, dereva asimame akaze tena, kwani mzigo hujilaza. Mzee alituonyesha goti lake. Hakuumia katika ajali yoyote ya barabarani. Aliteleza kutoka sakafu ya juu, amevaa kandambili, chuma kina mafuta, siku ya mvua. Wazazi wanaomnunulia kijana shati la kazi wafikirie viatu kwanza.

Barabara yenyewe haituhitaji maneno mengi, kwa kuwa kila msafiri wa kusini anaijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900: kuna wanyama wa Mikumi, kuna Kitonga, na kuna miteremko ya Mbeya ambako maroli yamemaliza roho nyingi kwa kushushwa kwa gia isiyo yake. Trela la magari lina taabu mbili za nyongeza. Tumbo lake liko chini, na nchi yetu imejaaliwa matuta. Na kichwa cha mzigo kiko juu, karibu na matawi ya miti na nyaya zilizolegea. Safari ina ruhusa zake katika swala na saumu ambazo dereva anazijua. Ajue pia kwamba usingizi hauna ruhusa.

Linalotuhuzunisha zaidi ni foleni ya mpakani. Tunduma, ingawa huduma za pande mbili zimewekwa pamoja tangu 2019, malori bado huweza kupanga mstari kwa siku kadhaa. Posho ya safari iliyokadiriwa kwa siku nne inaliwa kwa siku nane. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye ndoo na mpira akitaka mafuta, au fundi anayetaka redio moja tu, kwa kuwa "mwenye gari hajui kama ilikuwapo". Wengine huwapakia abiria ndani ya magari yaliyofungwa juu ya trela, jambo la kutisha, kwani mtu huyo hana njia ya kushuka likitokea la kutokea. Kijana wetu alikiri kwamba walimfikia hata yeye, usiku wa tatu, akiwa hana fedha ya chakula, akampigia mama yake simu. Mama alimtumia 15,000, akidhani ni ya vocha na chai. Hakujua siku hiyo alizuia nini.

Sasa turudi kwenye bahasha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimkatazi mwajiri kufidiwa, lakini imemwekea mipaka. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na hesabu ya deni. Mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo ya 600,000 ni 150,000. Aliyekatwa 320,000 kwa mkupuo, bila barua wala swali, amekatwa nje ya mipaka hiyo. Pakishindikana mazungumzo ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hushughulikia migogoro ya kazi. Tulipomuuliza kijana kama mkataba wake unasemaje juu ya uharibifu wa mzigo, alisema mkataba uko ofisini, hajapewa nakala. Baba yake mdogo, aliyempeleka kazini, naye hakuuliza. Aliuliza mshahara.

Hapa tuwaseme wazazi kidogo, nasi tukiwamo. Kijana wetu akitaka kuoa, tunatuma watu wazima watatu kuuliza habari za ukoo. Akikabidhiwa mali ya mamilioni ya watu wasiomjua, tunampeleka na mtu mmoja anayeuliza swali moja. Tungeuliza fomu ya mapokezi ikoje, nani hulipa tairi likipasuka, posho inaongezwaje foleni ikizidi, bima ya mzigo inabeba nini, na kama safari za mwanzo ataambatana na dereva mzoefu au atapewa funguo na kuombewa dua. Mzee wetu alikaa utingo miaka miwili kabla ya kushika usukani, na hakuona haya.

Kijana alikwenda ofisini akiwa na mzee. Hatutaitaja kampuni, na haki ni kusema kwamba walisikilizwa. Daftari la getini pale yadi lilionyesha kuwa gari lile liliingia bila tairi la akiba. Shilingi 90,000 zikarudishwa. Kuhusu mkwaruzo, meneja alimuuliza anajua nini. Kijana, ambaye angeweza kunyamaza kwa kuwa hapakuwa na picha ya upande wowote, alisema kwamba Makambako aliegesha chini ya mti ili mzigo upate kivuli, na wakati wa kutoka alisikia tawi likisugua juu, akaona uvivu kupanda kutazama. Basi 230,000 ni zake. Walikubaliana kwa maandishi zikatwe 150,000 mwezi ule na 80,000 mwezi unaofuata, naye akapewa nakala ya mkataba.

Tulimpelekea mama habari hii jioni ileile. Alisikiliza hadi mwisho, akarudia neno moja: "Tairi halikuwamo." Akalirudia mara ya pili kwa sauti kubwa, ili na jirani wa pili, ambaye dirisha lake lilikuwa wazi, asikie.

Jumatano kijana aliondoka tena na magari saba. Usiku mama alituletea simu yake, amefadhaika: mwanawe amemtumia picha kumi na nne za milango ya magari, moja ina mchubuko mdogo kama ukucha, bila salamu wala neno. Zilikuwa za ofisini, zimekosea njia. Tukamwambia asizifute.