Umoja, Muungano au Mseto?

Makarani wenzangu, vyama vya siasa vikipatana kusaidiana kwa muda, wapiga mbiu huyaita mapatano yale "umoja" au "muungano", nasi ambao kazi yetu ni kuandika twayanakili vivyo hivyo. Mimi naona si sawa.

Mfano ulitokea hapa hapa Dodoma. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa upinzani walitoka katika Bunge Maalumu la Katiba, kwa ugomvi wa serikali mbili au tatu. CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi, na baadaye NLD, vikajiita Umoja wa Katiba ya Wananchi, yaani UKAWA. Ajabu yake ni hii: waligombania sura ya Muungano, kisha wakachukua neno lililo ndugu yake kuwa jina lao. Labda hawakuwa na jingine, maana katika nchi hii ukitaja Muungano kila mtu afahamu Tanganyika na Zanzibar tangu 26 Aprili 1964, wala hafikiri kitu kingine.

Walakini umoja ule ulikuwa na mipaka. Oktoba 2015 mpiga kura hakuliona jina la UKAWA katika karatasi ya kura, aliona vyama. Bwana Edward Lowassa aliandikwa mgombea wa CHADEMA. Profesa Lipumba wa CUF alikuwa amekwisha jiuzulu uenyekiti mwezi wa Agosti, na katika majimbo kadhaa, Segerea likiwamo, vyama vya umoja huo vilishindana vyenyewe kwa vyenyewe. Sisemi waliwadanganya watu. Nasema jina liliahidi zaidi kuliko mapatano yenyewe.

Jirani zetu wa Kenya hutumia "muungano" bila taabu, kwa kuwa kwao neno hilo halina mwenyewe. Lakini hata NARC, iliyoshinda Desemba 2002, viongozi wake walisimama pande mbili katika kura ya maoni juu ya katiba, Novemba 2005. Kisha, baada ya fujo na damu iliyofuata uchaguzi wa 2007, Bwana Kibaki na Bwana Odinga walipatana tarehe 28 Februari 2008 kugawana madaraka, na watu wakaiita serikali ya mseto. Neno hilo nalipenda. Mseto ni mchele na choroko katika chungu kimoja: vyaliwa pamoja, na bado jicho latambua huu mchele, hii choroko. (Hapa Chang'ombe tungesema makande, ila makande hayajapata kuingia Serikalini.)

Wako watakaosema haya ni mambo ya wanasiasa, hayatuhusu. Yatuhusu sana. Chama chetu kikiandika barua ya mishahara pamoja na chama kingine, karani aandikaye "umoja wetu" amempa mweka hazina wa upande wa pili haki ya kuuliza ada zetu ziko wapi. Na aandike "vyama viwili vilivyopatana kwa jambo hili", alitaje jambo lenyewe, na mapatano ni ya mpaka lini. Kwa kazi ya siku nyingi "ushirikiano" wafaa. "Umoja" tuwaachie wenye daftari moja, sanduku moja na mwenyekiti mmoja.

Namwomba Katibu aliweke jambo hili mbele ya mkutano ujao, kabla barua yoyote ya vyama viwili haijatiwa sahihi.