Cha kale, lakini ni cha nani?



Juzi nilimsindikiza mwenzangu Al Barsha, anatafuta zulia la chumba chake. Tukaingia duka moja la vitu vya kale, na ukutani pale kuna picha ikanisimamisha. Kitambaa cha pamba kilichochorwa kwa mkono, kimezungushiwa hariri iliyopauka, chini kina kijiti cha kukikunjia. Katikati amekaa mungu mweupe, miguu kaikunja, mikono kailaza mapajani, macho kayafumba nusu. Muuzaji akasema ni ya Tibet, ya dini ya Bon. "Ya zamani sana hiyo." Nikamuuliza ilitoka kwa nani. Akacheka, akataja bei.

Mwenzangu akanivuta shati: "Twende bwana, we hununui." Kweli, sinunui. Lakini swali nimerudi nalo chumbani.

Dini ya Bon ingali hai. Nyumba yao kuu ya watawa, Menri, ilijengwa Tibet mwaka 1405, ikabomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China. Waliokimbia wakaanzisha Menri nyingine huko Dolanji, India. Picha kama ile kwao si pambo la sebuleni. Huombewa dua kwanza, kisha mtu huiweka mbele yake anapotafakari.

Mtasema: ya Watibet yanatuhusu nini? Jamani, yanatuhusu, maana na sisi tumeng'olewa vyetu.

Waulizeni Wamijikenda wa pwani ya Kenya habari za vigango. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa nguzo ya mti, ikasimikwa nyumbani kwao iwe makao ya koma yake, yaani roho yake. Kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Familia ikihama, kinabaki palepale. Basi wafanyabiashara wakasema vimetelekezwa! Vikaibwa, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji wa sanaa. Mwaka 2003 watafiti Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze waliandika kwamba wameshavihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Sasa sikilizeni vilivyoanza kurudi. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka ikapita, mama yule akaja kukitambua kimoja Marekani, kwa sababu ile picha anayo. Vyote viwili vilirudishwa mwaka 2007. Mzee alikuwa ameshafariki. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver nayo yakarudisha vigango 30.

Nikiri jambo moja. Picha ya Kitibet imetengenezwa ili ikunjwe na kusafiri, si kama kigango. Huenda mkimbizi aliiuza mwenyewe apate chakula, na hapo sina la kumlaumu mtu. Ndiyo maana simwiti mwenye duka mwizi. Ninachosema ni kwamba kama alikinunua kwa haki, kuna mtu alimuuzia, na mtu huyo anatajika. "Ya zamani" si jibu. Hata mali ya wizi ukiiweka huzeeka.

Ndugu zangu, sisi tuliotawanyika Dubai, London, Ohio, tuko karibu na vitu hivi kuliko wazee wetu nyumbani. Makumbusho ya chuo chako umeshaingia? Ingia. Ukikuta kigango, ngoma au kiti cha enzi cha kwetu, uliza kilifikaje, tena uliza kwa maandishi. Piga picha, peleka habari Makumbusho ya Taifa ya nchi yako. Na ukienda likizo, mpige babu picha pamoja na vitu vyake, majina yote yaandikwe. Picha moja tu ndiyo iliyowapa akina Mwakiru ushahidi.

Mwenzangu zulia alipata. Mungu yule mweupe tulimwacha ukutani, macho nusu, anasubiri atakayeuliza tena.